Kazi ya Serikali Haiuzwi

Ninyi mlio Mpanda mjini, ninyi wa Inyonga, wa Karema kando ya ziwa, wa Kibaoni, wa Katumba na wa Mishamo, karibuni katika somo la leo. Mwalimu, tafadhali hakikisha kwamba kila mwanafunzi ana kalamu, maana mwishoni yako maswali ya kujibu.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba. Jambo lenyewe ni hili: Serikali inamchaguaje mtu wa kumpa kazi? Tena, twawezaje kujua kwamba amechaguliwa kwa haki?

Pengine wewe msikilizaji utasema, "Mimi ni mkulima wa tumbaku, au wa mpunga, na umri wangu umekwenda. Kazi ya Serikali yanihusu nini?" Yakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, una mtoto, au mjukuu, au mpwa ambaye siku moja ataomba kazi hiyo. Pili, na sababu hii ni kubwa kuliko ya kwanza, mtu yule akishaajiriwa atakuhudumia wewe. Muuguzi anayempokea mkeo usiku wa manane ni mwajiriwa. Mwalimu wa mtoto wako ni mwajiriwa. Dereva wa gari la wagonjwa ni mwajiriwa. Akichaguliwa aliye bora, faida ni yako. Akichaguliwa asiyefaa, hasara pia ni yako.

MTENDAJI WA KIJIJI

Tuchukue mfano wa kazi moja mnayoijua sana: kazi ya Mtendaji wa Kijiji. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa kura zenu. Mtendaji hachaguliwi kwa kura. Yeye huajiriwa na Halmashauri ya Wilaya, au ya Manispaa, au ya Mji, kufuatana na mahali mlipo.

Kazi zake ni zipi? Yeye ndiye mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Ndiye katibu wa mikutano ya kijiji na ya Halmashauri ya Kijiji. Hutunza kumbukumbu na nyaraka zote. Husimamia ukusanyaji wa mapato. Huangalia ulinzi na usalama wa watu na mali zao. Mkulima na mfugaji wakigombana kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani, yeye ni mmoja wa watu wa kwanza kuitwa.

Mtu wa kazi kama hiyo anatakiwa awe amesoma. Matangazo ya kazi hii hutaka mtu aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, tena mwenye astashahada katika masomo kama utawala, sheria, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, karibu na Dodoma, au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali.

Sasa tuseme vijana wawili wanaomba nafasi hiyo moja. Wa kwanza ni binti wa mkulima. Amesoma vizuri, na katika mtihani amepata alama nyingi. Wa pili ni kijana aliyepata alama chache, lakini baba yake ameuza ng'ombe watatu na kumpa fedha mtu anayejua "njia za ofisini". Tuseme pia, kwa ubaya, kwamba wa pili ndiye aliyepata kazi.

Yule kijana ataanza kazi namna gani? Ataanza akiwa na deni. Ng'ombe watatu wa baba yake wametoka, naye anataka warudi. Watarudi kutoka wapi? Mshahara wa mtendaji wa kijiji si mkubwa. Basi watarudi kutoka kwenu. Leo atatoza faini bila kuandika stakabadhi. Kesho atataka "chai" kabla ya kupiga muhuri barua yako. Kesho kutwa kiwanja kimoja kitauzwa kwa watu wawili. Mtu aliyenunua kazi huihesabu kuwa duka lake, na ninyi huwahesabu kuwa wateja.

Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba hongo ya kazi ni shauri la watu wawili tu, mtoaji na mpokeaji. Binti wa mkulima amenyang'anywa haki yake. Kijiji kizima kimenyang'anywa mtendaji mzuri.

TULIKOTOKA

Haki hii haikuja yenyewe. Wakati wa ukoloni kazi za Serikali zilitolewa kwa kufuata rangi. Wazungu walishika vyeo vya juu, Waasia wakafuata, na Waafrika wakabaki chini, hata mishahara ikatofautiana. Baada ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Serikali ilikazana kuwaweka Waafrika katika kazi walizokuwa wamezuiliwa. Lakini mwezi wa Januari 1964, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba tangu wakati huo raia wote watahesabiwa sawa katika kuajiriwa na kupandishwa vyeo, bila kuangalia rangi. Kilichotakiwa kuangaliwa ni uraia na uwezo.

Jambo hilo leo limeandikwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba hiyo mwaka 1984, na Ibara ya 22 inahusu haki ya kufanya kazi. Maana yake ni kwamba kila raia anastahili nafasi sawa na mwenzake ya kushika kazi au cheo chochote kilicho chini ya Mamlaka ya Nchi. Angalia neno lile: nafasi sawa. Katiba haikuahidi kwamba kila mtu atapata kazi. Imesema kwamba kila raia ana haki ya kushindana sawa na wenzake.

Baadaye ilitungwa Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 8 ya mwaka 2002. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2007, na hapo ndipo ilipoanzishwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Chombo hiki kina makao yake Dodoma. Kazi yake ni kutangaza nafasi, kupokea maombi, kuendesha usaili na kuwapeleka waliofaulu kwa waajiri. Neno "usaili" maana yake ni kumwuliza mwombaji maswali ili kupima kama anafaa. Andika neno hilo katika daftari lako.

Kwa nini kazi hiyo ipewe chombo maalumu? Kwa sababu si vyema mtu mmoja awe mwenye nafasi, mwenye kutangaza, mwenye kusahihisha mtihani na mwenye kutoa barua. Akiwa na vyote hivyo, hata kama ni mwema, watu watamshuku. Na kama si mwema, hakuna wa kumzuia. Kwa baadhi ya kazi, Sekretarieti hutoa kibali kwa Halmashauri ziendeshe usaili zenyewe, nazo hutakiwa kufuata taratibu zile zile.

HATUA SABA

Sasa tutazame hatua za ajira, moja moja. Kila hatua ni kama kufuli. Inazuia aina fulani ya udanganyifu.

Hatua ya kwanza ni ikama na bajeti. Ikama ni hesabu ya watumishi wanaohitajika katika ofisi, pamoja na kazi za kila mmoja. Halmashauri haiwezi kuajiri kwa sababu fulani ni rafiki wa fulani. Lazima pawe na nafasi iliyo wazi, na fedha za mshahara ziwe zimepangwa.

Hatua ya pili ni kibali. Halmashauri huomba kibali cha kuajiri kutoka Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi wa Umma. Ndiyo maana katika matangazo mtaona imeandikwa kwamba Mkurugenzi amepata kibali cha ajira, na namba ya barua imetajwa.

Hatua ya tatu ni tangazo. Tangazo hutaja kazi, idadi ya nafasi, sifa zinazotakiwa, ngazi ya mshahara na siku ya mwisho ya kuomba. Mara nyingi muda unaotolewa ni wiki mbili. Hatua hii inazuia kazi kupewa mtu gizani. Kazi ambayo haikutangazwa yafaa kuulizwa.

Hatua ya nne ni kuchambua maombi. Kila ombi hulinganishwa na sifa zilizoandikwa katika tangazo. Kama tangazo lilitaka dereva mwenye leseni ya daraja fulani, asiye na leseni hiyo anatoka, hata akiwa mtoto wa mkubwa. Aliye nayo anabaki, hata akiwa mtoto wa mchunga mbuzi.

Hatua ya tano ni usaili wenyewe. Waombaji wakiwa wengi, kwanza hupewa mtihani wa kuandika wa mchujo. Wanaofaulu huitwa kwa mahojiano ya ana kwa ana, na kazi nyingine kama udereva huwa na usaili wa vitendo. Usaili mzuri una dalili zake. Waombaji wote wa kazi moja huulizwa maswali yale yale. Kila msaili huandika alama zake mwenyewe, kisha zikajumlishwa. Na msaili akiona kwamba mwombaji ni ndugu yake, husema wazi na kutoka.

Hatua ya sita ni kutangaza majina na kukagua vyeti. Majina ya waliofaulu hutolewa hadharani, na walioitwa huja na vyeti halisi, wala si nakala.

Hatua ya saba ni matazamio. Mwajiriwa mpya huangaliwa kwa mwaka mmoja kabla ya kuthibitishwa kazini. Kwa hiyo mtu aliyeingia kwa ujanja bado ana kipindi cha kuonekana.

Rudieni hatua hizo kwa sauti pamoja na mwalimu wenu: ikama, kibali, tangazo, uchambuzi, usaili, majina na vyeti, matazamio.

MWENYEJI NI NANI?

Sasa nataka kugusa swali ambalo watu wa Katavi huliuliza mara kwa mara, pengine kwa sauti ya chini. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, ulipotengwa na Mkoa wa Rukwa. Mkoa mpya ulihitaji watumishi wapya. Wengi waliokuja walitoka mbali. Hapo watu wengine husema, "Kazi za Katavi wapewe watoto wa Katavi."

Swali hilo si la kijinga. Mzazi aliyejinyima akamsomesha mwanawe Mpanda, kisha akaona kazi zinachukuliwa na wageni, ana uchungu wa kweli. Kuna watumishi pia ambao hupangwa vijiji vya mbali, wakakaa kidogo, wakaomba uhamisho. Zahanati ikabaki bila mganga.

Lakini tufikiri mbele kidogo. Mtoto wa Katavi ni nani? Ni Mbende, Mkonongo na Mpimbwe peke yao? Na Mfipa aliyezaliwa Mpanda je? Na Msukuma ambaye babu yake alihamia na ng'ombe wake? Na wale wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia vita Burundi mwaka 1972, nao wakapewa hati za uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014? Huyo aliye na hati ni raia. Tangazo la kazi linaposema "mwombaji awe raia wa Tanzania", yeye yumo. Halimwulizi kabila, wala halimwulizi babu yake alivuka mpaka lini.

Tena tukisema kazi za Katavi ziwe za watu wa Katavi tu, watu wa Mwanza nao watasema kazi za Mwanza ni zao, na wa Dodoma kadhalika. Vijana wetu watafungiwa katika mkoa mmoja wenye nafasi chache. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mganga mzuri kutoka Mbeya akikuponya malaria, umepona kweli.

Njia iliyo bora ni nyingine. Tuwasomeshe vijana wetu masomo yanayotakiwa, tuwaonyeshe matangazo mapema, nasi tuwapokee vizuri watumishi wanaotoka mbali ili wasikimbie.

Kuna pia watu ambao sheria imewaangalia kwa namna ya pekee. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba katika kila watumishi 100, watatu wawe hao. Kwa hiyo usimwache ndani mtoto asiyeona au asiyeweza kutembea ukidhani kazi ya Serikali si yake. Msomeshe, naye aombe.

MADALALI NA MITEGO

Sasa tuangalie hatari. Watu wengi hupoteza mali zao kwa sababu hawajui jambo moja dogo: kuomba kazi Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi ada. Mtu akikupigia simu na kusema, "Jina la mwanao limepita, tuma fedha ya kufungulia faili," huyo ni mwizi. Mara nyingi hajui hata ofisi ile iko wapi. Ametuma maneno hayo kwa watu mia, naye anangoja wawili au watatu watume. Mmoja wao akibahatika kupata kazi kwa alama zake mwenyewe, mwizi husema, "Unaona? Nilikusaidia."

Kuna hongo nyingine iliyo chafu zaidi. Ni pale mwenye madaraka anapomtaka mwombaji mwili wake ili ampe kazi. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007. Binti anayekataa hana kosa. Mzazi, mwambie bintiyo mapema kwamba likimpata jambo kama hilo aje akwambie, wala hutamgombeza. Aibu ni ya yule aliyetaka.

Taarifa za rushwa hupelekwa TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Namba ya simu ni 113, na kupiga ni bure. Andika namba hiyo: moja, moja, tatu. Ukitoa taarifa, taja siku, saa, mahali, namba ya simu iliyotumika na maneno yaliyosemwa. Usifute ujumbe katika simu yako. Hapo ndipo unapoona faida ya kujua kuandika.

VYETI NA MAJINA

Kuna udanganyifu mwingine ambao hufanywa na waombaji wenyewe. Nao ni vyeti vya kughushi. Mwezi wa Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi, Rais John Magufuli alipokea taarifa Dodoma kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana nyumba na watoto shuleni. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama kwa wengine ilichukua miaka ishirini kufika mwisho.

Lakini yuko mtu mwaminifu ambaye naye hupata matata, kwa sababu ya majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cheti cha kidato cha nne kinasema jingine, na kitambulisho cha Taifa kina herufi zilizopungua. Mwombaji kama huyo hutakiwa kwanza apate hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina yale yote ni ya mtu mmoja. Hiyo ni safari, na ni gharama.

Jambo hili liko mikononi mwenu ninyi mnaosoma sasa. Mtoto akizaliwa, mwandikishe upate cheti cha kuzaliwa. Siku ya kumpeleka shule, chukua cheti kile, soma jina lake herufi kwa herufi, kisha angalia mwalimu anaandika nini. Kama ameandika "Maliamu" mahali pa "Mariamu", mwombe kwa adabu arekebishe siku ile ile. Herufi moja uliyoisahihisha leo itamwokoa mwanao miaka ishirini ijayo.

KUOMBA KWA INTANETI

Siku hizi maombi hayapelekwi kwa bahasha. Hupelekwa kwa njia ya intaneti, katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mwombaji hujiandikisha kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa, huweka vyeti vyake, kisha huchagua kazi anayoitaka. Jambo hili limepunguza safari na limepunguza bahasha kupotea mezani. Lakini kijana wa kijiji ambacho simu hazishiki vizuri ana shida kuliko kijana wa mjini.

Wengi basi huenda kwenye duka la steshenari na kumwomba mwenye duka awajazie. Hapana ubaya, lakini shikeni mambo matatu. Kwanza, lipia kazi ya kuchapa na intaneti tu. Hiyo si ada ya kazi. Pili, kaa hapo hapo usome kila kinachojazwa. Tatu, neno lako la siri liandike nyumbani, usimwachie mwenye duka. Mwenye neno lako la siri anaweza kusoma habari zako zote, na hata kubadili maombi yako.

Kuna pia shida ya umbali. Ukiitwa kwenye usaili, nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe. Usaili ukiwa Dodoma, mwombaji wa Mpanda husafiri mbali sana kuliko mwombaji anayekaa Dodoma penyewe. Usaili wa walimu ulioanza Januari 2025 ulifanyika mikoani, karibu zaidi na waombaji. Hilo ni jambo jema, na yafaa liendelee kwa kazi nyingine. Usawa wa karatasi ya mtihani hautoshi, kama mmoja amelala kitandani mwake na mwenzake ameshinda siku mbili njiani.

UKIKOSA KAZI

Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Kwa hiyo wengi watakosa, hata pale ambapo haki imefuatwa. Usiseme mara moja, "Nimeonewa." Jiulize kwanza: Je, nilikuwa na sifa zote? Niliweka barua ya maombi yenye sahihi yangu? Nilifika kwa saa iliyotajwa, nikiwa na vyeti halisi na kitambulisho? Fahamu pia kwamba mtu aliyefaulu usaili lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lake huwekwa katika orodha, naye anaweza kuitwa baadaye nafasi ikipatikana.

Lakini kama unayo sababu ya kweli ya kulalamika, lalamika kwa maandishi. Andika barua kwa Sekretarieti ya Ajira, au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri iliyoendesha usaili. Taja kazi uliyoomba, tarehe ya usaili na kanuni unayoona imevunjwa. Weka nakala kwako. Watu husema mnyonge hana haki. Mimi naona kwamba mnyonge mwenye nakala ya barua yake si mnyonge sana.

ANZENI KWENU

Mwisho, nawapa kazi ya kufanya ninyi wenyewe. Msidhani kwamba ni Serikali peke yake inayoajiri. Chama chenu cha msingi cha ushirika huajiri karani na mlinzi wa ghala. Chombo cha watumia maji huajiri fundi wa pampu. Je, nani alimchagua karani wenu? Nafasi ilitangazwa? Au aliingia kwa sababu ni shemeji wa mwenyekiti?

Fanyeni hivi. Andikeni kazi yenyewe na sifa zake katika karatasi moja. Bandikeni karatasi hiyo ofisini, msikitini na kanisani kwa wiki mbili. Chagueni watu watatu au watano wa kusaili. Mwenye ndugu kati ya waombaji akae pembeni. Ulizeni wote maswali yale yale. Karani apewe hesabu za kujumlisha uzito wa marobota ya tumbaku, si kuulizwa ukoo wake. Kila msaili aandike alama zake. Someni matokeo mbele ya wanachama, na muhtasari uwekwe katika faili.

Mkizoea kufanya hivyo kwa mlinzi wa ghala, mtaijua haki mkiiona na mtaijua ikikosekana. Na siku ile mtendaji mpya atakapokuja kijijini, mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kumpima. Mapato na matumizi ya kijiji hutakiwa kusomwa mbele yenu kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, sikilizeni, ulizeni. Sasa mnajua kusoma. Ombeni mwone daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja hatua saba za ajira. Ni udanganyifu gani unaozuiwa na kila hatua?

2. Mtu amekupigia simu anataka fedha ili mwanao apate kazi. Utamjibu nini, na utapiga simu namba gani?

3. Je, kazi za Katavi wapewe watu wa Katavi tu? Wanafunzi watatu waseme ndiyo, watatu waseme hapana, kila mmoja atoe sababu.

4. Leta darasani cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako pamoja na daftari lake la shule. Soma jina katika vyote viwili. Herufi ni zile zile?

5. Andikeni pamoja tangazo fupi la kazi ya mlinzi wa ghala la ushirika. Lisizidi mistari kumi.